Usikubali Mashine ya Msasa: Nilivyorudisha Rangi za Kitanda cha Bibi

Kitanda chenyewe kilikuwa kijani. Si kijani cha kupendeza, bali kile kizito cha rangi ya mafuta wanachopakia madirisha ya Mji wa Kale, na nina yakini kilikuwa ni mabaki ya kopo la madirisha. Bibi alikuja nacho kwa jahazi kutoka Siyu, kisiwani Pate, alipoolewa Mombasa. Kikakaa mtaani kwetu Kibokoni tangu hapo, kwanza chumbani, kisha ukumbini, mwishowe ghalani chini ya ngazi pamoja na masufuria ya harusi. Miaka ya sabini, ami yangu alipokaribia kuoa, mtu alikipaka rangi ili kipendeze. Mpaka leo hakuna anayekubali kuwa ni yeye.

Ni kitanda cha ulili: matendegu manne yaliyokerezwa, yaani miguu, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, kamba katikati. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu wengine hawakukitaka, na kwa sababu kazi yangu ni kuwachora maharusi piko na hina. "Mkono wako hautetemeki," akasema khalati, jambo likaisha hapo.

Tulipokuwa tukikitoa ghalani, tendegu moja liligonga ngazi na gamba la kijani likabanduka. Chini yake kulikuwa na pete nyekundu, kisha uzi mweusi, kisha manjano. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa akizikumbuka rangi hizo, hata ami ambaye alilalia kitanda hicho siku ya harusi yake.

Matendegu ya namna hii hayapakwi kwa brashi. Mkereza hulizungusha gogo kwenye keezo, mashine yake ya kukerezea, kisha huligusisha fimbo ya shelaki iliyochanganywa na rangi. Msuguano unatoa joto, joto linayeyusha shelaki, na rangi inaizunguka mbao pete kwa pete. Ufundi huo uko Kutch na Sindh hadi leo, na majahazi yalikwenda na kurudi huko kwa pepo za kaskazi na kusi miaka nenda miaka rudi. Shelaki yenyewe ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo juu ya miti ya Bara Hindi.

Naeleza haya kwa sababu ndiyo yanayoamua utumie nini na uache nini. Shelaki huyeyuka kwa spiriti. Huharibiwa na kostiki soda. Hulainika kwenye joto la nyuzi 70 hivi. Sasa fikiria njia ambazo mafundi wetu hutumia kutoa rangi kuukuu: thina, kostiki, mashine ya hewa moto, msasa wa umeme. Zote zinamaliza kile unachotaka kukiokoa, na zinakimaliza upesi, kabla hujamaliza kikombe cha kahawa.

Fundi wa kwanza alisifiwa sana na jirani. Alikuwa ametengeneza viti vya hoteli kadhaa kusini mwa pwani, na kazi zake niliziona, safi kabisa. Nilimwachia tendegu moja alitazame anipe bei. Kesho yake akanipigia kwa furaha: "Dada, njoo uone mbao ilivyo safi!"

Alikuwa amelipiga msasa lote, juu mpaka chini. Kijani kilikuwa kimekwenda, na nyekundu, nyeusi na manjano vimekwenda nacho. Ilibaki mbao ya mfenesi, ya rangi ya asali, laini kama kwamba imekerezwa jana. Na wallahi ilikuwa nzuri. Nilituma picha kwenye kundi la familia, watu wakaanza kumwaga pongezi. Ami akasema tumpe na matatu yaliyobaki. Kwa usiku mzima nilikuwa peke yangu katika kulia, na nilianza kujiuliza kama mimi ndiye mwenye wazimu.

Lakini tendegu lile sasa lingeweza kuwa la kitanda chochote, katika chumba chochote cha wageni Diani. Tumezoeshwa kudhani kuwa samani za kale za Waswahili ni za mbao tupu ya kahawia, kwa kuwa ndivyo zinavyouzwa na ndivyo zinavyopigwa picha. Wazee wetu walipenda rangi. Ukipiga msasa, unaondoa kazi ya mkereza na kubakisha kazi ya mti.

Simlaumu fundi yule sana, nikieleza upande wake. Tulikuwa tumezungumza bei ya kazi nzima, si ya siku. Anayelipwa kwa kazi anapata faida akimaliza haraka, na hakuna kinachomaliza haraka kuliko mashine. Ukimpata fundi wa kazi kama hii, mlipe kwa siku, mwambie wazi kwamba hutaki amalize upesi, na usimwachie kitu "akitazame tu" bila kuandika juu yake kwa chaki: USIGUSE.

Baada ya hapo nilikwenda Fort Jesus. Watu wengi wa Mombasa huingia pale mara moja, na darasa la shule ya msingi, kisha basi. Ngome ni ya mwaka 1593, lakini tangu 1962 ni makumbusho, na makumbusho yana watu ambao kazi yao ni kutunza vitu. Nilieleza shida yangu mlangoni, nikaelekezwa ndani, nikapata mtu wa kunisikiliza. Hakunitoza kitu. Aliniambia nipige picha kila upande kwa mwanga wa kutoka ubavuni kabla ya kugusa chochote, na nianze majaribio mahali pasipoonekana, kwa kitu kipole kwanza, kisha kikali kidogo, na nisimame pale rangi ya asili itakapoanza kutoka kwenye pamba.

Kitu kipole kabisa ni mate. Usicheke. Wahifadhi wa michoro wanayatumia duniani kote: unalowesha pamba ulimini, unaizungusha taratibu, unaitupa, unachukua nyingine. Mate hutoa uchafu wa mikono na moshi kuliko maji matupu. Baada ya mate nilijaribu tepentaini, ambayo ilitoa nta kuukuu na haikugusa shelaki. Tone moja la spiriti, upande wa ndani wa tendegu, likafanya pamba iwe nyekundu papo hapo. Jibu likapatikana.

Kuna na njia nyingine ya kujua unachoshughulika nacho, na haina gharama: ile tochi ndogo ya buluu ya kukagulia noti bandia. Azima moja dukani, zima taa, mulika. Shelaki hung'aa rangi ya chungwa. Rangi ya mafuta ya juu yake ilibaki imekufa. Nilipomulika tendegu la pili, kila mahali kijani kilipokuwa kimebanduka paliwaka kama kaa.

Kazi ya kutoa kijani niliifanya kwa visu vya upasuaji, vile vya kubadilisha wembe, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Bahati yetu ni kwamba rangi ya mafuta haishiki vizuri juu ya shelaki inayong'aa. Unaingiza ncha chini ya gamba, unalaza kisu karibu kiwe sambamba na mbao, unasukuma bila nguvu, gamba linainuka. Kisu kikisimama kinachimba. Wembe ukiwa butu unalazimika kutumia nguvu, na nguvu ndiyo inayochana, kwa hivyo badilisha wembe mapema, usiuonee huruma. Fuata mzunguko wa pete, usikate kuivuka. Jioni moja nilikuwa nikimaliza eneo la kiganja, na jioni nyingine chini ya hapo. Shingo inauma, macho yanauma, na ukichoka acha, kwa sababu makovu yote niliyoyaona baadaye kwenye tendegu la pili yako upande niliofanya usiku baada ya kutoka kwa bi harusi.

Mahali shelaki ilipokuwa imekwishalika kabla ya kupakwa kijani, rangi ilikuwa imezama ndani ya mbao. Hapo niliiacha. Mtu akiinama sana ataona ukijani kwenye vinyweleo vya mbao, na aone.

Sasa jambo la afya, na hapa naomba msinisome kwa haraka. Rangi za mafuta za zamani nyingi zina risasi, na nyekundu za kale mara nyingi zilitengenezwa kwa risasi au zebaki. Vumbi lake halina harufu ya kukuonya. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuhadithiwa risasi inafanya nini: Owino Uhuru iko hapa hapa, ambako sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliwadhuru watu na watoto wao, hadi mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi kwa miaka. Nilipofikiria tendegu lile la kwanza na wingu la vumbi alilolivuta fundi bila barakoa, na wanafunzi wake wawili wamesimama kando, nilirudi kumwambia. Alinisikiliza kwa adabu. Sijui kama amebadilisha kitu.

Mimi nilifanya kazi kwenye baraza la juu lenye upepo, nikilowesha kijani kwa tepentaini kidogo ili kisirushe vumbi. Nilivaa barakoa ya vumbi laini, si ile ya kitambaa. Magamba yaliangukia gazeti, gazeti likakunjwa na kutiwa kwenye mfuko wa taka kila jioni. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake. Sikufagia, nilipangusa kwa tambara bichi. Mpwa wangu alikuwa mjamzito wakati huo, na nilimkataza kupanda juu kabisa, akanuna.

Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mbao, walikuwa kwenye mfumbati mmoja. Kabla hujatia dawa, hakikisha kama wapo hai: tandika karatasi nyeusi chini ya mbao, iache siku kadhaa. Ukikuta unga mpya, wapo. Matundu matupu yenye vumbi jeusi ndani ni ya zamani, na hayahitaji chochote. Mafuta ya taa ambayo kila mzee atakushauri yanaacha doa na harufu, na nyumba ya Mji wa Kale yenye waya za umeme za miaka ile haitaki kitu cha kuwaka moto. Nilitumia dawa ya mbao iliyochanganywa kwa mafuta mepesi, kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, upande wa chini usio na rangi. Soma kopo: kama dawa imechanganywa kwa spiriti, iweke mbali na shelaki.

Vipande vya shelaki vilivyokuwa vimeinuka bila kuanguka nilivilaza kwa jelatini ya samaki. Niliichanganya nyepesi mno, ikiwa vuguvugu, nikaichovya kwa brashi yangu ya piko, nikakandamiza kwa kidole juu ya karatasi ya kuokea keki. Nimeandika "ya samaki" kwa makusudi, kwani nyumba yetu isingekubali ile isiyojulikana imetokana na mnyama gani. Gundi nyeupe ya useremala usiitumie hapa. Ikishakauka, kuitoa tena bila kuondoka na rangi ni shida.

Ugomvi mkubwa wa familia ulikuja kazi ilipokaribia kwisha. Matendegu matatu yalikuwa na rangi zake, lakini zimelika: pete zingine zimekatika, nyekundu imeiva kama tofali, manjano karibu iwe kahawia. Tendegu la nne, lile lililopigwa msasa, tupu. Binamu yangu alikuwa anaoa na alitaka kitanda king'ae. Akaja na picha kwenye simu za samani za Sankheda, zile za Kigujarati za nyekundu na dhahabu ambazo majirani zetu Wahindi huwa nazo, pembea na viti, akasema, "Si hivi hivi? Tuzipake upya zote." Sankheda ni kazi nzuri mno. Dhahabu ile kwa asili si dhahabu, ni unga wa bati chini ya shelaki. Lakini ni kazi ya Gujarat, na bibi hakutoka Gujarat.

Tulikubaliana hivi, baada ya maneno mengi: yale matatu hayapakwi upya. Panapoonekana jeraha jeupe la mbao tupu, najaza kwa rangi ya maji, ndani ya jeraha tu, bila kuvuka hata unywele juu ya rangi ya kale. Rangi ya maji inatoka kwa pamba mbichi, kwa hivyo atakayekuja baada yangu akiwa na akili zaidi ataiondoa bila taabu. Shelaki mpya sikutaka iguse ya kale, kwa kuwa zikishaungana huwezi tena kuondoa moja ukaacha nyingine.

Tendegu la nne halikuwa na cha kupoteza, basi hilo nililipaka shelaki yenye rangi, kwa brashi, nikifuata pete za wenzake kwa kupima kwa uzi. Nyekundu nilianza na ile rangi ya unga inayotiwa kwenye sakafu za saruji. Ni ya chuma, haina sumu ya risasi, na ni bei ya chini, ila inaelekea kahawia, ikabidi niongeze kidogo nyekundu ya wasanii. Linganisha rangi mchana karibu na dirisha. Chini ya taa ya usiku zilifanana kabisa, asubuhi zikawa watu wawili wasiojuana.

Shelaki na hewa ya Mombasa hazipatani wakati wa masika. Spiriti ikiruka haraka, unyevu unashika juu na kuacha ukungu mweupe. Mkono wa kwanza wa rangi, mwezi wa Mei, ulikuwa na weupe wa maziwa kila mahali. Nilingoja mpaka kaskazi ishike, Januari, nikapaka saa nne asubuhi umande ukiwa umekwisha, na haikutokea tena. Halafu nunua shelaki ya magamba uyeyushe mwenyewe, kidogo kidogo. Iliyokwishayeyushwa ikikaa miezi mingi haikauki vizuri tena. Tia tone kwenye kioo: likibaki kunata mpaka kesho, mwaga. Chini ya tendegu hilo, mahali linapokanyaga sakafu, niliandika kwa penseli mwaka na neno "jipya", asije mtu akadanganyika.

Juu ya yote manne nilipaka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tepentaini, nyembamba, kisha nikasugua kwa kitambaa cha pamba. Kwa joto letu nta nene inanata na kukusanya vumbi.

Habari zilisambaa, kama kawaida ya Kibokoni, na dalali akaja na bei ambayo ilimfanya ami akae kimya kidogo. Alitaka kukisafirisha nje. Jueni kuwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Milango iliyochongwa ina ulinzi wake pia, ile ya kabla ya 1946. Sisi hatuna karatasi ya kuthibitisha umri wa kitanda, lakini dalali aliposikia nitakwenda kuuliza Fort Jesus hakurudi.

Pesa: vifaa vyote, visu, pamba, tepentaini, shelaki, rangi, dawa ya dumuzi, barakoa, havikufika shilingi elfu kumi na tano. Kuwamba kamba upya kulikula karibu kiasi hicho peke yake, maana wanaojua kuwamba wamebaki wachache na wanajua kuwa wamebaki wachache. Fundi wa kwanza nilimlipa elfu tatu. Kilichogharimu kweli ni jioni zangu, na maharusi niliowakatalia msimu wa kati ya mfungo mosi na mfungo tatu, ambao ndio unaolisha nyumba yangu. Kama una kazi ya msimu, usianze kitu hiki karibu nao.

Mwenye samadari, kile kitanda cha vioo vilivyochorwa kwa nyuma, hayo yangu mengi hayakuhusu, ila moja: rangi iko nyuma ya kioo na haijashika sana. Pangusa mbele tu, nyuma usitie hata pumzi ya maji.

Binamu alioa, kitanda kikapambwa, na bibi mmoja wa makamo kutoka Pate alikaa kando yake akaniuliza nani amekikereza upya. Nikamwonyesha tendegu la nne. Akalitazama, akalitazama la pili, akasema nyeusi yangu ni nene mno, na kwamba kwao uzi mweusi ulikuwa mwembamba kuliko huo. Ni kweli. Nimekwisha pima, na kaskazi ijayo nitalirudia. Vitakizo viwili navyo bado ni vya kijani, na khalati ameanza kuuliza vinangoja nini.